Mizizi Ukutani mwa Handaki

Nilipoolewa sikuwa na adabu ya kunyamaza, na hata sasa sina. Nasema mapema ili msomaji asinilaumu baadaye. Nilikuwa msichana wa mbuga za Shinyanga, kwenye udongo mweusi unaonata miguuni mpaka ukifika nyumbani unaonekana kama mtu aliyevaa viatu, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hakuna udongo mwingine unaostahili kuitwa udongo. Wenzangu walijivunia ng'ombe wa baba zao. Mimi nilijivunia tope.

Nikaolewa mbali, upande wa Kharumwa, mwendo wa siku nne kwa miguu, miaka ile wazungu walipoanza kupekua vilima kuanzia huko hadi Geita wakitafuta dhahabu. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana waliowachimbia. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mikono migumu, na nilimpenda. Tatizo langu halikuwa yeye. Tatizo langu lilikuwa mafiga.

Pale kwao bibi harusi hakuwa na moto wake. Ulipika kwenye mafiga ya mama mkwe, ukasonga ugali wake, na chumvi akatia yeye. Ukitaka mafiga yako, ilikupasa uchague shamba mwenyewe, ulilime kwa jembe lako, uvune, ujaze kihenge. Siku kihenge kikijaa mama mkwe angekuja kuingiza mkono wake mpaka begani. Vidole visipogusa chini, angekuletea mawe matatu, na kuanzia hapo wewe ni mwanamke mwenye nyumba. Vikigusa, rudi ukasonge ugali wa wenzio mpaka mwaka mwingine. Tena ilikuwa mwiko mtu kukushauri juu ya shamba. Walisema anayekuonyesha udongo atakula kwako milele.

Niliyataka mafiga yale kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Sikulala vizuri kwa kuyawaza. Kila mama mkwe alipochota chumvi kibuyuni kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetoa dawa, nilisema moyoni: mwaka huu huu.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa mjane mfupi, mkimya kupita kiasi. Nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma, na yeye alinijibu kwa maneno mawili, siku za neema matatu. Mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha alinitembeza kwenye ardhi ya ukoo. Tulianza na kilima. Udongo wake ulikuwa mwekundu, mawe meupe yametapakaa kila mahali, na jembe likigusa tu linalia. Nikakunja uso. Tukashuka chini, karibu na kijito cha mvua, na hapo nikasimama ghafla.

Palikuwa tambarare. Hapakuwa na jiwe hata moja. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umelowa vizuri, na waliwaachia ndama tu! Nilishangaa ujinga wa watu wale. Nikainama, nikafanya kama mama yangu alivyonifundisha: unachukua donge bichi, unalifinya kiganjani, unaacha likauke, unalipangusa. Doa likibaki kwenye mistari ya kiganja na lisitoke ukilisugua, panda. Kwetu wanawake wote walipima hivyo, na sikuwahi kusikia kiganja kimesema uongo. Nikafinya, nikangoja, nikapangusa. Kiganja kilikuwa cheusi ti! Nusura nicheze ngoma palepale.

"Hapa, mayu."

Alinitazama kiganja, akanitazama usoni. "Na kule mlimani umepaona?"

"Kule ni kwa pimbi," nikasema.

"Haya."

Nilidhani nimemshinda.

Nikalima na kupanda mtama. Nisikilize vizuri: uliota! Uliota wote, ukasimama kijani kibichi hadi magotini, na mimi nikawa nachukua njia ndefu kwenda kisimani ili nipite mbele ya wenye mashamba ya mlimani nikiimba. Mvua ikinyesha, maji yalituama shambani siku mbili tatu. Hilo halikunitisha, kwa sababu mbugani kwetu maji hutuama na watu hula. Nikaanza kufuma kihenge. Nilikifuma kikubwa.

Kisha mvua ikakatika. Si kiangazi, ni mapumziko tu ya siku kumi na kitu ambayo kila mwaka huja. Siku ya nne majani ya mtama wangu yakajikunja kufika mchana. Siku ya saba yakawa hayajikunjui hata asubuhi. Siku ya tisa ukavuma upepo ambao haungeangusha kuku, na mtama wangu ukalala chini mstari baada ya mstari. Nilisimama katikati yake nikiwaka hasira. Nilipotupa macho mlimani, kwenye mawe ya pimbi, mtama wa watu ulikuwa umesimama wima.

Nilikasirikia mvua, nikamkasirikia Mungu, na siku mbili nzima nikamshuku jirani mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kunisalimia kwa furaha. Mama mkwe alikuja akautazama mtama ulivyolala, akaondoka. Jioni akatia chumvi.

Siku chache baadaye nilimpelekea mume wangu chakula cha mchana kazini. Walikuwa wanachimba handaki refu kukata kilima toka upande hadi upande, ili mzungu wao aone mwamba unapita wapi. Handaki lile lilikuwa limemega pembe ya shamba la mtama la mtu, na mume wangu alikuwa ndani, kichwa chake hakionekani.

"Shuka uone kitu!" akaniita.

Nikashuka kwa ngazi ya miti. Alitaka kunionyesha mshipa wa jiwe jeupe unaopita chini ya miguu yake, na alikuwa akieleza kwa majigambo kwamba dhahabu hukaa humo. Mimi sikusikia. Nilikuwa nimeona ukuta.

Ukuta ulikuwa umekatwa sawasawa kwa sururu, mwekundu kuanzia juu hadi chini, na kutoka juu, pale mtama uliposimama, ilikuwa inashuka mizizi. Mizizi! Maisha yangu yote nilikuwa mkulima na mizizi niliyoijua ni ile inayong'oka na jembe, kishungi kidogo unachokung'uta na kutupa. Hii ilishuka kama mvua. Nilianza kuifuata kwa kidole. Ikanipita usoni, ikanipita kifuani, ikanipita kiunoni. Mmoja, mwembamba kama uzi, ulikutana na mawe mawili yaliyobanana, ukajibapa ukapita katikati, na upande wa pili ukawa mviringo tena ukaendelea na safari yake. Nikachomeka kidole ulipoishia, karibu na goti langu. Palikuwa na unyevu. Juu watu wanalia mvua, na huku chini udongo ni mbichi!

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, lakini nilipiga kelele za kweli, na mnyapara akaja mbio akidhani dhahabu imeonekana. Akainama ukingoni akihema.

"Iko wapi? Iko wapi?"

"Hii hapa! Mizizi! Itazame, inakunywa!"

Alikuwa mtu wa Tabora, alizungumza Kiswahili cha kambini, na alinitazama kwa huruma kubwa. "Shemeji," akasema, "hapa tunatafuta dhahabu. Hatutafuti kuni."

Wachimbaji wote walicheka. Wacheke! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimeinama mpaka chini ya shamba la mtu, mahali ambapo hata mwenyewe hajawahi kufika. Niliona wazi kama mchana kwamba mkulima huona nusu tu ya shamba lake, na nusu ya pili ndiyo inayomlisha. Nilimwachia mume wangu ugali, nikachukua mtaimbo wake, nikakimbia.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye mtama wangu uliolala. Nikapiga. Shubiri moja mtaimbo uliingia vizuri kwenye udongo mweusi, nikafurahi. Shubiri ya pili ukalia ng'ang! ukanirudi mikononi mpaka meno yakauma. Nikafukua kwa vidole. Chini ya ule weusi kulikuwa na tabaka la kijivu lililokaza kama sakafu ya nyumba iliyopigwa na wanawake kumi. Ule weusi niliokuwa nimeupaka kiganjani ulikuwa tandiko tu, tope lililoletwa na kijito likatandazwa juu ya sakafu. Nyumba njema si mlango, nami nilikuwa nimeposwa na mlango.

Na mizizi? Maskini mizizi. Ilikuwa imeshuka ile shubiri moja, ikagonga, ikageuka pembeni. Yote. Ilikuwa inatambaa juu ya sakafu imesukana kama mkeka, ncha zake zimeoza zilipozama maji yalipotuama, kisha zimekauka mvua ilipokatika. Ndiyo maana upepo wa kuku uliuangusha. Mtama ule haukuwa na pa kushikilia. Nikaleta kibuyu cha maji nikamimina shimoni. Yakakaa. Niliketi kando nikiyangoja yashuke, na jua likasogea, na maji yalikuwa bado yananitazama.

Labda mtu mwingine angelia. Mimi nilifurahi kupita kiasi! Nilikuwa na mkosaji. Si mvua, si Mungu, na jirani yangu nikamwomba radhi kimoyomoyo. Nikachimba shimo lingine, na lingine, mashimo kumi au zaidi, nikitaka kujua sakafu inaishia wapi. Ilikuwa kila mahali. Lakini kulikuwa na shina moja tu la mtama ambalo halikulala, lenye majani yaliyokunjuka, na hilo nilikuwa nimelipita kila siku bila kujiuliza. Nikachimba kando yake polepole. Hapo zamani palikuwa na mti, kisiki chake kilikuwa kimeliwa na mchwa, na kikaacha tundu lililotoboa sakafu. Mzizi wa mtama ulikuwa umelipata tundu hilo ukaingia ndani, na nilipouvuta ulikataa kutoka.

Basi sakafu ikitobolewa, mzizi unapita. Nilisimama pale nimejaa udongo mpaka kope nikicheka peke yangu.

Watu wakaniona. Upande ule, miaka ile, mtu aliyeonekana na mtaimbo, mashimo kumi na kicheko alikuwa na maana moja tu. Asubuhi nilipofika shambani nilikuta watu wanne wamenitangulia, wana sururu na makarai.

"Umepata nini hapa?" mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko msibani.

Nimeshasema sina adabu ya kunyamaza. Lakini siku ile Mungu alinipa hekima ya kusema kidogo.

"Chimbeni mtaona wenyewe."

Wakachimba. Hadi mchana walikuwa kumi na watano. Walivunja sakafu yangu ile kwa nguvu ambazo mimi nisingezipata hata kwa mwaka mzima, wakapasua mabonge ya kijivu makubwa kama vichwa vya ng'ombe, wakayatupa juu, wakashuka zaidi. Mume wangu alirudi jioni akashika kichwa. "Utatufungisha!" akasema, kwa kuwa kuchimba dhahabu bila kibali kulikuwa kosa. Nikamwambia hakuna anayechimba dhahabu pale, wanalima tu na hawajui. Siku ya pili ndiyo mnyapara alipokuja, akaosha karai moja la udongo, akalizungusha, akatema mate pembeni. "Udongo mtupu," akasema. Waliondoka wakinitukana, wengine wakitukana na ukoo wa baba yangu. Wajinga ndio waliwao. Niliwapungia mkono.

Mvua iliporudi sikupanda mtama. Msimu wake ulikuwa umepita. Nilisomba samadi kutoka zizi la ndama, nikaichanganya na yale mabonge yaliyolainika kwa mvua, nikavuta matuta makubwa yaliyonifika mapajani juu ya mashimo yote yale, ili kama chini hapatoshi, basi juu patoshe. Nikapanda marando ya viazi vitamu. Kila baada ya siku chache nilichimbua tuta moja kidogo nichungulie mizizi imefika wapi. Mume wangu alisema viazi vyangu vitakufa kwa aibu. Havikufa. Vilinenepa vikapasua matuta.

Nilivichimba, nikavimenya, nikavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya miamba ya kilima mpaka vikawa michembe mikavu inayolia ukiitikisa. Nikajaza kihenge. Kilipojaa nikakitikisa, michembe ikashuka, nikaongeza tena.

Hapo hofu ikaniingia. Tangu zamani kihenge kilikuwa cha mtama. Wanawake wa jirani walianza kubishana kisimani, wengine wakisema michembe ni chakula cha njaa na haitoi mafiga, wengine wakisema mdomo haubagui. Kwa siku tatu sikula vizuri. Kama angekataa, ningerudi kwenye ugali wake na chumvi yake mwaka mwingine mzima, na wale kumi na watano wangepata kicheko chao.

Mama mkwe alikuja asubuhi, bila kuniambia. Hakuuliza ndani kuna nini. Akakunja nguo begani, akaingiza mkono, akausukuma, akausukuma, mpaka shavu lake likalala kwenye ukingo wa kihenge. Akafumba macho. Nilisikia michembe ikilialia huko ndani vidole vikitafuta chini. Akautoa mkono, umejaa unga mweupe, akaupangusa.

"Kihenge kimejaa," akasema, akaenda zake.

Akarudi na jiwe. Akaliweka, akaenda. Akarudi na la pili. Alipoweka la tatu mimi nilikuwa tayari nacheza, napiga vigelegele mwenyewe, nalia, sijali nani ananiona. Mafiga yangu! Nilitaka kuwasha moto palepale. Lakini mama mkwe hakuondoka.

"Sasa nipeleke," akasema.

"Wapi, mayu?"

"Kwenye hiyo sakafu yako."

Nilimpeleka pembeni mwa shamba, mahali ambapo watafuta dhahabu hawakufika. Nikachimba shimo mpaka mtaimbo ukalia. Akapiga magoti. Akaingiza mkono uleule, akagusa lile tabaka la kijivu kwa vidole, kisha kwa kiganja kizima, akakaa hivyo muda mrefu mno. Nilipotaka kusema kitu alinizuia kwa mkono wa pili.

Ndipo akaongea, mwanamke yule wa maneno matatu. Alisema naye aliletwa bibi harusi kutoka mbali, na naye alipenda tambarare isiyo na mawe. Alichagua palepale. Mtama wake uliota, ukalala. Mwaka wa pili ukalala. Mwaka wa tatu watu wakaacha kulaumu mvua, wakasema mkono wake unakausha mbegu. Mafiga alipewa kwa huruma tu, alipokwisha kumzaa mume wangu. Shamba wakawapa ndama, na tangu siku ile hakuruhusiwa kutia mbegu ardhini. Akichimba yeye, hupanda mwingine. Nilikuwa nimeliona hilo, mvua ya kwanza, nikadhani ni heshima ya ukubwa.

"Mbona hukunionya, mayu? Hata kwa jicho tu?"

"Ningekuonya na nini? Sikujua ubaya uko ardhini. Nilijua ubaya ni mimi. Ulipochagua hapa nilisema moyoni, tutaona. Na mtama wako ulipolala, mwanangu, nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikafurahi. Unisamehe."

Sikuweza kukasirika. Mimi, niliyemkasirikia Mungu kwa siku kumi za jua, sikuweza. Nilipiga magoti nami, nikaingiza mkono wangu kando ya wake, tukaipapasa ile sakafu pamoja. Yeye alikuwa anaipiga kwa kiganja, pa, pa, pa, anacheka na machozi yanamtoka, anasema, "Kumbe ni wewe. Miaka yote hii, kumbe ni wewe."

Mvua zilizofuata aliomba pembe ya shamba kule mlimani, kwenye udongo mwekundu na mawe. Nilibeba jembe langu kwenda kumsaidia, akanirudisha. Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama akichimba tundu, akitia mbegu, akifukia kwa unyayo, mstari mzima hadi mwisho, peke yake.